Mawili kwa Siku: Maneno Kumi Yanayosikika Kibandani Makongeni

Ukiingia Makongeni kwa barabara ya Garissa, matunda hukupokea kabla ya mwenyeji wako. Ndizi na ovakado hushuka kutoka Murang'a. Machungwa na maembe hupanda kutoka Ukambani. Maji ya mto Thika huenda Yatta kwa mfereji uliochimbwa miaka ya 1950, hupita Matuu, kisha hurudi Thika yakiwa mapapai na matikiti. Mananasi ndiyo usiseme: Del Monte imekuwa ikiyalima na kuyatia mikebeni hapa Thika tangu miaka ya 1960.

Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80, bila kuhesabu viazi wala mihogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba Wakenya 94 kati ya kila watu wazima 100 hawafikishi mafungu hayo matano. Sukuma wiki ya jioni hujitahidi kadiri iwezavyo. Penye pengo kubwa ni kwenye matunda, na jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asichelewe matatu: matunda mawili kila siku, matatu ukijaliwa, kila moja likitosha kiganja cha mkono.

Mbona basi hatuli? Simama karibu na kibanda jioni, wafanyakazi wa viwandani wakitoka kazini, usikilize wateja. Haya ndiyo maneno yao, kuanzia linalochekesha hadi linaloniumiza.

10. "Tunda ukila baada ya chakula linaoza tumboni."

Haliozi. Tumbo lina asidi kali, na vijidudu vya kuozesha havipati nafasi ya kustarehe humo. Kilichooza hapo ni ule ujumbe wa WhatsApp uliokuambia hivyo.

Kula tunda pamoja na chakula kuna faida yake, hasa kwetu tunaoishi kwa maharagwe, ndengu na mboga za majani. Madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo ni magumu kufyonzwa, na vitamini C huyasaidia kuingia mwilini. Chai huyazuia. Kwa hiyo ukimaliza githeri, menya chungwa, na chai ingoje saa moja hivi. Haitakukasirikia.

9. "Ovakado si tunda, ni mboga ya githeri."

Ina mti, ina ua, ina kokwa. Ikitaka kuwa tunda kuliko hapo ifanyeje?

Nusu ya ovakado ni fungu moja kamili. Sukari yake haifiki hata gramu moja katika gramu 100, nyuzi zinakaribia gramu 7, na mafuta yake ni ya kuufaa moyo. Mafuta hayo husaidia mwili kuchukua karotini ya sukuma na karoti, ile inayogeuzwa kuwa vitamini A. Aliyeanza kukata ovakado juu ya githeri alistahili shahada. Tangu 2022 Kenya inauza ovakado mbichi hadi China, na wenye miti huku Murang'a wanazilinda usiku kucha. Sisi tunazipata mlangoni, bado tunabishana kama zinahesabika.

Angalizo moja tu: iliyochumwa changa haiivi vizuri. Utaiweka dirishani wiki nzima, mwishowe inajikunja na kuwa mpira. Mwambie mama wa kibanda akuchagulie iliyokomaa. Anaijua kwa kuishika tu.

8. "Nipe hiyo iliyokatwa tayari, gari linajaa."

Kipande cha tikiti cha shilingi 20, kimefunikwa kwa nailoni, jua la saa nane liko juu yake. Najua kiu ya stejini. Lakini tikiti lina asidi kidogo mno, na kisu kikishapita, vijidudu vilivyokuwa kwenye ganda huingia ndani na kuanza kuzaana. Mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 ulianzia kwenye sherehe ya harusi huko Limuru, kaunti hiihii yetu ya Kiambu. Hatukuhitaji kusimuliwa na majirani.

Angalia ndoo. Maji ya kuoshea kisu yakishakuwa na rangi ya papai, hayo si maji tena, ni supu. Sema kwa upole: "Mama, nikatie jipya, nitangoja." Mama mwenye kazi yake safi hachukii ombi kama hilo, ataosha ganda mbele yako, akate, na pengine akuongeze kipande. Na kama gari kweli linajaa, chukua ndizi. Ndizi huja imefungwa na Mungu mwenyewe.

7. "Hizi ndizi zimeivishwa kwa dawa."

Hofu hii ina msingi. Wako wafanyabiashara wanaotumia kabaidi ya kalsiamu, unga ule wa mafundi wa kuchomelea vyuma, na unga wa viwandani huweza kuwa na chembe za aseniki na fosforasi. Haifai, na anayefanya hivyo hatutakii mema.

Lakini dawa ya hofu hiyo si kuacha ndizi. Nunua zilizokomaa zikiwa bado kijani, uzitie kwenye mfuko wa karatasi au ndani ya kabati pamoja na ndizi moja iliyoiva. Ndizi iliyoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huamsha wenzake. Siku chache tu, kabati zima linanukia. Fundi wa kuivisha ni tunda lenyewe, na halidai malipo.

6. "Tufaha ndilo tunda la maana."

Limesafiri kutoka Afrika Kusini, limepakwa nta, limebandikwa kikaratasi, basi tunalisalimia kwa mikono miwili. Halina ubaya wowote. Ila pembeni yake kuna mapera yamerundikwa kwenye karai, na hakuna anayeyatazama.

Pera lina vitamini C ya takriban miligramu 228 katika gramu 100. Chungwa lina 53. Tufaha halifiki hata 5. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, kwa hiyo pera moja la wastani limemaliza kazi kabla tufaha halijavua kikaratasi. Yumo pia tunda damu, anayependwa sana na kina cucu, nyanya zetu wa huku, na karakara, ambaye ukimla pamoja na mbegu zake anakupa nyuzi za kutosha kumshtua mtu aliyezoea mkate mweupe.

5. "Nimekunywa juisi, hayo matunda si yameshaingia?"

Hapa nakaza sauti kidogo.

Tazama mama anapokamua machungwa. Anakata matatu, wakati mwingine manne, ili glasi moja ijae. Anapitisha kwenye chujio, na kile kinachobaki juu ya chujio, zile nyuzi na nyama, anakitupa kwenye ndoo ya takataka. Umelipia machungwa manne, mbuzi wa jirani amepata nyuzi, wewe umebaki na maji yenye gramu kama 20 za sukari. Hivyo ni vijiko vitano vya chai, na umevimeza kabla hujamaliza kusema "rudisha chenji". Ungeyala kwa meno, chungwa la pili tu lingekuambia basi.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu sukari ya juisi, hata iwe halisi kiasi gani, katika kundi moja na sukari ya kuongeza. Sukari hiyo haitakiwi kuzidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni vyema zaidi, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Glasi moja inakaribia kuimaliza. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofuatilia wahudumu wa afya wa Marekani kwa miaka mingi. Waliokula matunda mazima zaidi, hasa zabibu, matufaha na buluberi, walikuwa na hatari ndogo ya kupata kisukari. Waliokunywa juisi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi. Tunda ni lilelile, njia ndiyo tofauti.

Juisi ya kusagwa kwa blenda ina nafuu kwa kuwa nyuzi hubaki ndani. Mradi asije mtu akaongeza sukari "kidogo tu". Ile kidogo ya huku naijua.

Na kwa mtoto mchanga: madaktari wa watoto wa Marekani walisema mwaka 2017 asipewe juisi kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Akifikisha miezi sita mpe ndizi iliyopondwa, papai, ovakado. Chupa ya juisi ya dukani yenye picha ya tembo anayecheka haimhusu.

4. "Mimi nina sukari, matunda nilikatazwa."

Guka, babu wa mtaani, anasimama mbele ya machungwa, anayatazama kwa hamu, anatikisa kichwa. Kisha anavuka barabara kwenda hotelini, anaagiza chai ya vijiko vinne na mandazi. Guka, rudi! Chungwa halijakufanya kitu.

Wanaougua kisukari hawakatazwi matunda. Wanachotakiwa kuangalia ni kipimo, wakati, na namna ya kula. Katika gramu 100 za nyama ya tunda, tikiti lina sukari gramu 6 hivi, papai 8, pera na chungwa 9, nanasi 10, ndizi 12, embe 14. Sasa chukua embe moja kubwa la aina ya apple. Ukitoa ganda na kokwa, linaweza kubaki na nyama ya gramu 250, na hapo kuna sukari ya gramu 35. Embe zima kwa mpigo ni mzigo. Nusu yake saa nne, pamoja na karanga kiganjani, ni chakula.

Chungwa moja asubuhi, kipande cha papai au ndizi moja ndogo jioni. Usiyarundike mara moja. Tunda lenye nyuzi likiliwa pamoja na chakula hupandisha sukari polepole. Na usibishane nami wala na jirani, uliza damu yako mwenyewe: pima saa mbili baada ya kula. Wahudumu wa afya wa jamii waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023 walipewa mikoba yenye vipimo vya sukari na shinikizo la damu. Ukimwona wako mtaani, mwite kama unavyomwita mtu wa boda.

Kuna wakati juisi hugeuka dawa: sukari inaposhuka, mtu anatetemeka na kutokwa na jasho, nusu glasi humrudisha haraka. Na mwenye figo dhaifu asifuate orodha yangu bila daktari wake, kwa sababu ndizi, ovakado na machungwa yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu haziwezi kuitoa.

3. "Jumapili tutakula tikiti zima, tutalipia wiki yote."

Familia imekaa, tikiti la kilo nne limepasuliwa, watoto wana mbegu hadi masikioni. Raha tupu, wala siwanyimi. Ila Jumatatu hadi Jumamosi kuna nini? Kimya.

Mwili hauna akaunti ya akiba ya vitamini C ya kuweka kiasi hicho. Ukizidisha leo, ziada inatoka na mkojo. Nyuzi nazo hufanya kazi siku zilipoliwa. Choo cha Alhamisi hakikumbuki tikiti la Jumapili.

Swali la kiasi gani hasa limechunguzwa vizuri. Mwaka 2021 jarida la Circulation lilitoa matokeo ya watafiti walioongozwa kutoka Harvard, wakiunganisha takwimu za watu karibu milioni 2 kutoka nchi mbalimbali. Waliokula mafungu matano kwa siku, mawili ya matunda na matatu ya mboga, walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 13 hivi kuliko waliokula mawili tu kwa jumla. Kupita matano, faida haikuongezeka. Juisi haikusaidia. Viazi na mahindi pia havikusaidia, na hapo nawaona wenzangu wa githeri wakijikuna kichwa. Tume ya EAT-Lancet ya mwaka 2019 ilifika palepale kwa njia yake: gramu 200 za matunda kwa siku, na nafasi ya kucheza kati ya 100 na 300.

Gramu 200 ni kitu kidogo sana ukikiona mezani. Ni ndizi moja na chungwa moja. Au nusu embe na pera. Au kipande cha papai cha urefu wa kiganja, na nusu ya ovakado iliyobaki mchana. Mtu akikuambia kula kwa afya ni kazi ngumu, mwonyeshe sahani hiyo.

Wako nao wanaozidisha: siku tatu mtu anaishi kwa nanasi tupu, ati anasafisha damu. Damu husafishwa na figo na ini, bila nanasi kuitwa. Anachopata ni ulimi unaochoma kwa ajili ya kimeng'enya cha bromelaini, meno yanayolia, na njaa ya kumfanya agombane na mwenye nyumba.

2. "Shilingi 20? Afadhali mandazi mbili."

Silichukulii neno hili kwa mzaha. Mtu wa kibarua aliyelipwa leo kwa kazi ya leo, ana watoto watatu kule mtaani Kiandutu na unga haujanunuliwa, huyo hahitaji kufundishwa hesabu. Mandazi hushibisha kwa saa mbili, tunda halishibishi hivyo, na tumbo tupu lina sauti kubwa kuliko daktari yeyote. Kumwambia "kula matunda" bila kumwambia vipi ni kumtukana.

Basi tuzungumze vipi. Kwanza, msimu. Embe la Januari, wakati Makueni na Machakos zinamwaga, na embe la Julai ni watu wawili tofauti kwa bei. Maembe hutawala kati ya Novemba na Machi, ovakado hushika usukani baada ya hapo, na zambarau zikiiva huku Thika watoto hurudi nyumbani na ndimi za buluu bila kutoa hata senti. Fuata kilichojaa. Kikiwa kimejaa, ndicho kitamu pia.

Pili, saa. Jioni, giza likikaribia, mama hataki kurudi na papai lililoiva kupita kiasi. Fungu la asubuhi na fungu la saa moja usiku hayafanani kwa bei. Ndizi zenye madoa meusi hazina ugonjwa. Zimeiva, ni tamu zaidi, na bei imelegea. Na usisahau kuomba nyongeza. Makongeni hakuna aliyefukuzwa kibandani kwa kuomba nyongeza, labda ukiomba mara ya tatu.

Tatu, gawanya. Papai moja la kilo moja na nusu linatosha watu sita kupata fungu kila mmoja. Likikatwa mbele ya familia nzima bei yake kwa kichwa inakuwa ya peremende.

Nne, na hapa ndipo nasukuma wenye uwezo kidogo: bei ya soda ya nusu lita ni ndizi tano hivi, na wakati mwingine chenji hubaki. Soda hiyo inaweza kuwa na sukari ya gramu zaidi ya 50. Mzazi anayempa mtoto shilingi 20 za krispi kila asubuhi tayari ana bajeti ya matunda, ila anailipa kwenye kibanda kisicho chake.

1. "Matunda? Kwani nani mgonjwa?"

Hili ndilo la kwanza, na nimelisikia kwa watu wa kila umri. Mtu akinunua machungwa mengi, mama anamuuliza, "Pole, amelazwa wapi?" Nje ya malango ya hospitali ndiko matunda huenda haraka zaidi. Tunampelekea mgonjwa ndizi asizoweza kumeza, machungwa asiyoweza kumenya, tunaziacha juu ya kabati la kitanda, muuguzi anazisogeza ili apate mahali pa kuweka dawa. Tunamfanyia mgonjwa heshima ambayo hatukumfanyia alipokuwa mzima.

Desturi hii ina historia ndefu, hata katika pwani yetu. Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitoka Bara Hindi, mabaharia wamekufa kwa wingi kwa kiseyeye. Kitu walichotuma watu nchi kavu kukitafuta kwa ajili ya wagonjwa wao kilikuwa machungwa. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawiliwawili na kuwapa tiba sita tofauti. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita tu, na kufikia hapo mmoja wao alikuwa karibu tayari kurudi kazini. Wenzao waliopewa siki na maji ya bahari walibaki vitandani.

Machungwa mawili kwa siku! Hesabu ya Lind ya kumtoa baharia kitandani ndiyo hesabu tunayoambiwa leo tuile tukiwa wima. Mabaharia wale walikuwa wazima walipong'oa nanga. Ni miezi bila tunda iliyowalaza. Presha, kisukari na moyo havilazi mtu kwa miezi michache kama kiseyeye, vinachukua miaka, ndiyo maana tunadhani havituoni.

Kwa hiyo nampenda mama mmoja wa upande wa soko ambaye amebadilisha swali lake. Ukija na haraka ya kumwona mgonjwa, anakufungia machungwa yako vizuri, kisha anachukua moja nje ya mfuko, analimenya papo hapo na kukukabidhi mkononi. "Hili si la wodini," anasema. "Hili umalize kabla ya kupanda gari, na maganda uniachie."